Mdomo wa Papa Fromaji

Kijijini Kirolirwe hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina alilobatizwa. Aliitwa Papa Fromaji, kwa sababu ndiye aliyetengeneza jibini katika kile kibanda cha mbao kilicho chini ya barabara, na kwetu jibini ni fromaji. Mlango wa duka langu ulitazamana na mlango wake kwa miaka mingi. Nilimwona kila asubuhi akitoka na buti zake za mpira na kofia ya sufu iliyokuwa nyeupe zamani, na mtu unayemwona kila asubuhi huwezi kumheshimu kupita kiasi. Nilimpenda, lakini hilo ni jambo jingine.

Yeye naye hakuniheshimu kupita kiasi. Mimi ni wa Butembo, na kwake watu wa Butembo tulikuwa kabila la mizani na kufuli. "Weye Mama Butiki," alikuwa akiniambia, kwani kwetu duka ni butiki, "ata mvua ungeifunga mu sashe ya plastiki uiuzishe." Nikamjibu kwamba yeye anauza maziwa yaliyoharibika na kuyaita kazi ya ufundi. Hivyo ndivyo tulivyoianza karibu kila siku, na ikipita siku bila matusi hayo nilijua kuna mgonjwa kwake au kwangu.

Kifaa chake cha kazi kilikuwa mdomo. Watengenezaji wengine wana kijiti cha chuma chenye tundu, wanakichoma ndani ya jibini, wanakitoa na kunusa. Yeye alikuwa nacho pia, na alikitumia kujikuna mgongo. Jibini ikishakaa rafuni siku zake, alikata kipande chembamba, akafumba macho, akakiuma kwa meno ya mbele, kisha akakisukuma kwa ulimi hadi kwenye ufizi wa juu na kukibana hapo. Wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kusema. Kuku walifukuzwa. Wachungaji walioshuka kutoka vilima vya Nyamitaba na bidoni zao za maziwa mgongoni walisimama mlangoni kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

Hukumu ilikuwa neno moja. "Majani," maana yake ng'ombe wamehamishiwa malisho mapya. "Muvivu," maana yake maziwa yalikamuliwa jua likiwa limeshapanda. Siku moja alimwambia mchungaji, "Ngombe yako iko na huzuni," na yule mchungaji akaanza kulia, kwa sababu ndama alikuwa amekufa wiki ile na hakuwa amemwambia mtu. Tangu hapo watu waliuamini ule mdomo kuliko walivyomwamini katekista. Jibini iliyopita kwake ilipanda lori kwenda Goma, na wanunuzi wa kule hawakuonja tena. Waliuliza tu kama Papa Fromaji ameipitisha.

Usidhani basi kwamba alikuwa mlaji wa jibini. Nyumbani kwake haikuingia. Maziwa hakuyanywa, alisema yanamlegeza tumbo, na akiyaona kwenye kikombe anaona kazi ambayo haijaanza. "Miye naifanya, siikulake," alisema. Alichokipenda ni chai, na katika chai alichokipenda ni sukari. Alikuja dukani kwangu na kikombe chake tupu, mimi nikitoa chai kwenye thermosi yangu, yeye anatia sukari, anakoroga, anaonja, anakunja uso.

"Sukari ya siku hizi haina tena nguvu," anasema, na kuongeza.

Nilimwambia sukari ni ile ile, ulimi wake ndio umezeeka. Alikasirika kwelikweli. Unaweza kumtukana mke wake, unaweza kumtukana chama chake, lakini ulimi wake usiuguse.

Alikuwa na kiu isiyo na adabu. Aliweza kuingia kwa jirani kumpa pole ya msiba na, kabla hajakaa, akaomba maji. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na padri akifika katikati ya mahubiri Papa Fromaji anainuka na kutoka. Padri aliamini kwa muda mrefu kwamba yule mzee hakubaliani na mafundisho yake, akawa anayafupisha. Sisi wote tulifaidika, na hakuna aliyemwambia padri kwamba mzee alikuwa anakwenda nyuma ya migomba. Nyuma ya migomba hiyo sisimizi walianza kujenga mji. Mkewe, mwanamke wa Buleusa huko Walikale, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo haikuhitaji kupanda ili isikike, aliona sisimizi wale akaniambia, "Mama Butiki, ile si mukojo ya kawaida." Nilicheka. Naye alicheka, lakini kidogo.

Na ufizi. Ufizi wake ulitoka damu alipouma hindi la kuchoma, alipouma muwa, alipopiga mswaki wa kijiti mara moja moja apendapo. Yeye hakuona tatizo. Alisema ni damu inazidi, na mtu ambaye damu inazidi ni mtu mwenye afya. Aliwasikitikia wenye ufizi mkavu. "Weye uko mukavu," aliniambia kwa huruma nilipomwonyesha wangu. Alikuwa na jino moja la mbele lililocheza, na akiwa na jambo la kufikiri alilisukuma kwa ulimi, mbele na nyuma, hata ukaona kwa macho yako mtu akiwaza. Harufu ya mdomo wake, Mungu anisamehe, ilikuwa inamtangulia. Tulizungumza naye tukiwa tumesimama upande, na yeye alifikiri ni heshima.

Mwaka mmoja mambo yaliharibika kwa neno jipya. Mchungaji mmoja wa Nyamitaba, Papa Bahati, mtu mpole mwenye haya ambaye hata akidai haki yake hutazama viatu, alikuja kusikiliza hukumu ya jibini iliyotoka katika maziwa yake. Papa Fromaji aliuma, akabana, akangoja kuliko kawaida.

"Chuma," alisema.

Bidoni ina kutu, akaeleza. Papa Bahati akanunua bidoni mpya. Jibini iliyofuata: chuma. Akabadilisha kamba, akabadilisha malisho, akaleta maziwa kwenye chungu. Chuma.

"Basi ngombe zako zinakula misumari?" Papa Fromaji akauliza.

"Papa, zinakulaka majani kama ngombe za bantu bote," Papa Bahati akajibu akitazama viatu. "Misumari ningezipatia wapi?"

Watu wote waliokuwa mlangoni wakanigeukia mimi, kwa sababu duka la misumari lilikuwa langu.

Tulicheka siku hiyo. Baadaye kicheko kilikwisha, maana ladha ya chuma haikubaki kwa Papa Bahati. Ilipita kwa jirani yake, ikapita kwa wale wa kilima cha pili, na kila wiki Papa Fromaji alikataa jibini nyingi kuliko alizopitisha. Maziwa hayasubiri mtu aamue. Yalimwagwa. Mbwa wa Kirolirwe walinenepa mwaka ule, na watoto wa Nyamitaba wakarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada. Wachungaji, ambao kibanda kile kilikuwa chao kwa ushirika, wakaanza kunong'ona kwamba ama mzee amenunuliwa na mtengenezaji mwingine, ama amerogwa, na kwa vyovyote vile atafutwe mwingine.

Alikuja dukani kwangu bila kikombe. Hakunitukana.

"Mama Butiki," alisema, "miye sikusoma. Shamba sina, ngombe sina. Niko na hii kinywa tu. Bakiniondolea hii, nitabakia nani?"

 Nilimwonea huruma, na kwa kuwa sijui la kufanya na huruma, nilimwambia aende zake nina wateja.

Kikao kilifanyika mbele ya kibanda, asubuhi. Papa Bahati, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliomba neno. Alisema jambo moja tu: jibini ile ile anayoionja Papa Fromaji, na yeye aionje, kipande kile kile, hapo mbele ya watu. Likaonekana ni jambo la haki. Papa Fromaji akakata kipande, akauma, akafumba macho, akabana.

"Chuma," akasema, na kumpa Papa Bahati nusu iliyobaki mkononi.

Papa Bahati akaitazama. Akaigeuza. Kisha, kwa aibu kubwa, kama mtu anayemwambia mwenzake zipu iko wazi, akasema, "Papa, fromaji hii iko na damu. Na haiko damu yangu."

Pale alipouma palikuwa na alama ya meno, na alama ilikuwa nyekundu.

 Mtu wa nyuma akacheka, na kicheko kile kikatushika wote, hata padri aliyekuwa anapita. Maziwa ya vilima viwili yalikuwa yamemwagwa kwa sababu ya chuma, na chuma chenyewe kilikuwa kinatoka katika ufizi wa hakimu. Papa Fromaji hakucheka. Alipitisha kidole mdomoni, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Nikamwona mkewe akimshika mkono na kumvuta, na mimi nikafunga duka nikawafuata, kwa sababu aliyekuwa anavutwa hakuwa na mpango wa kufika.

Muganga wa kituo chetu cha afya alikuwa mtu wa maneno machache na tochi nzuri. Alimulika mdomoni, akarudi nyuma hatua moja, akamulika tena. Kisha akauliza maswali ambayo hayakuhusu mdomo: unakunywaka mayi ya namna gani, unaendaka inje mara ngapi, unaona muzuri? Papa Fromaji aliona anapotezewa muda. Mkewe ndiye aliyejibu, na alipofika kwenye sisimizi muganga akainuka kuchukua kimashini cha kupima sukari. Akatoboa kidole, akasoma namba, akatoboa kidole kingine.

"Papa, uko na ugonjwa ya sukari," akasema. "Sukari ikipanda mu damu, bifizi binakosa nguvu ya kujikinga, binaoza. Na bifizi bikioza, bile bidudu binafanya sukari ikatae kushuka. Moja inabeba ingine. Ukiacha hivi, kisha meno ni macho, na kisha macho ni miguu."

"Muganga," akasema Papa Fromaji, "miye nilikuya juu ya ngombe za Bahati. Weye unaniambia ya miguu?"

Alipewa vidonge, alipewa mswaki wa plastiki, alipewa amri. Mswaki aliuogopa kuliko vidonge. Alisema ni kitu cha kusugulia ngamia, ingawa ngamia hakuwahi kumwona. Mkewe alimlazimisha kuutumia nje, barabarani, mbele ya mashahidi, na asubuhi wachungaji waliopita walimsalimia yeye akiwajibu kwa povu. Chai yangu akainywa bila sukari, uso umekunjwa kama mtu anayesikiliza habari za redio.

Sasa tulidhani mambo yamekwisha. Vidonge vinamezwa, chai ni chungu, sukari itashuka, ufizi utapona. Sukari haikushuka. Alirudi kwa muganga, namba ikawa ile ile. Akarudi tena, namba ile ile. Muganga akamtazama kwa jicho la polisi.

"Papa, unakulaka nini kwa kujificha?"

Hapo ndipo Kirolirwe yote ilipopata kazi. Kila mtu alimlinda. Mama wa ndizi alikataa kumwuzia ndizi. Watoto walimfuata wakiimba kwamba mzee amepita karibu na muwa. Papa Bahati, aliyekuwa na sababu zake, alikuja kutoa habari kwamba amemwona akitazama mananasi. Mkewe aliniambia, "Miye simulindake, namuangalia tu," huku akiwa amehesabu kwa macho kila kitu kitamu ndani ya nyumba. Na kweli alimkamata. Ndugu zake wa Buleusa walikuwa wameleta chupa ya asali, na chupa ilikuwa inapungua bila kuguswa na mtu.

"Asali haiko sukari," mzee alijitetea mbele yetu. "Sukari inatokaka mu kiwanda. Nyuki bako na kiwanda wapi?"

Asali ikahamia dukani kwangu, nikaifungia. Hata hivyo namba haikushuka. Aliapa. Aliapa kwa mama yake, kwa Bikira Maria, na mwisho kwa ulimi wake, na alipoapa kwa ulimi mimi nilimwamini. Nilikwenda mwenyewe kumwambia muganga kwamba mzee huyu ana makosa mengi, lakini hili si lake. Muganga hakufurahi kufundishwa na mwuza misumari. Lakini alichukua tochi.

Chini ya ufizi, kando ya lile jino la kucheza na wenzake, kulikuwa na usaha. Mswaki ulikuwa unasafisha mlango tu, nyumba ilikuwa imeoza. Muganga mwenyewe alikuwa ametuambia kwamba moja inabeba nyingine, kisha akaisahau nusu ya maneno yake, akatafuta mwizi wa sukari. Alikubali hilo waziwazi, na nikamheshimu kwa kukubali. Akamwandikia mzee aende Goma kwa daktari wa meno.

Alikwenda na lori la jibini, ameketi juu ya mizigo ambayo hakuipitisha yeye. Aliporudi, mdomo wa juu ulikuwa umeingia ndani. Meno ya mbele ya juu hayakuwepo. Kule walikuwa wamemng'oa yasiyofaa na kumkwangua ugaga mgumu kwenye mizizi ya yaliyobaki.

"Banatosha mawe mu kinywa yangu," aliniambia, na hewa ikatoka pale yalipokuwa meno. "Mawe kabisa, Mama Butiki. Ya kujengea."

Baada ya muda ufizi ukafunga. Akapima, sukari ilikuwa imeshuka. Akapima tena, imeshuka zaidi. Vidonge vilikuwa vile vile, chai ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mdomo. Siku iliyofuata alivaa koti lake la Pasaka akazunguka Kirolirwe nyumba kwa nyumba, akisimama mlangoni kimya mpaka mwenye nyumba aulize kulikoni.

"Nimekuya kupokea samahani yangu," alisema.

Mama wa ndizi alimwomba samahani. Watoto walilazimishwa. Mimi nilimpa pakiti ya chumvi ya kusukutua, nikamwambia samahani iko ndani, aitafute.

Lakini jambo alilotaka kuliko samahani hakulipata. Wachungaji walikuwa wamemweka Papa Bahati atengeneze jibini, na Papa Bahati, kwa haya yake yote, alikuwa anaitengeneza vizuri. Mzee alisimama mlangoni pa kibanda akiitwa "Papa" na kila mtu, na hakuna aliyemkabidhi kisu. Ukimtazama ulimi wake ulikuwa unatafuta lile jino la kufikiria, haulipati. Nilimwonea uchungu. Muganga aliokoa macho yake na miguu yake, na yeye aliona amebaki na vitu ambavyo hakuvitumia kazini.

Kisha vita vikafika vilimani kwetu, risasi zikakaribia, nikafunga duka, nikaenda kukaa Butembo kwa ndugu zangu, na habari za Kirolirwe zikawa za kusikia tu.

Nilirudi msimu wa maharage, bati la duka limetobolewa na risasi lakini kufuli zangu nzima. Asubuhi ya kwanza niliona watu mlangoni pa kibanda, kuku wamefukuzwa, nikavuka barabara. Papa Fromaji alikuwa ndani, amekonda, kofia mpya, mkewe kando yake ameshika sahani. Juu ya sahani palikuwa na kiazi cha kuchemsha kilichomenywa.

"Kwanza kiraya," mkewe akasema.

Ndivyo walivyokubaliana nilipokuwa sipo. Wachungaji walimrudishia haki ya kuonja, kwa sharti kwamba kabla ya jibini atauma kiazi mbele ya watu wote. Kiazi kikitoka na wekundu, anakwenda nyumbani. Mzee mwingine angeona ni kudhalilishwa. Yeye alikiuma kwa meno ya chini na ufizi wa juu, akakitoa, akakiinua kukionyesha huku na huku. Kilikuwa cheupe.

Papa Bahati akampa kipande cha jibini, kazi ya mikono yake mwenyewe, ya oda kubwa ya harusi ya Goma. Mzee akafumba macho. Akabana. 

"Moshi," akasema.

Papa Bahati akainamisha kichwa. Watu wakaanza kunong'ona, na nilijua wananong'ona nini: analipiza. Hata mimi niliwaza hivyo. Mkewe akainua kiazi tena, mzee akakiuma upande wa pili, kwa nguvu, akakitoa. Cheupe.

Papa Bahati alikitazama kile kiazi. Kisha akakata kipande cha jibini yake mwenyewe, akatafuna polepole, akaacha kutafuna.

"Kuni zilikuwa mbichi," akasema akitazama viatu. "Nilifikiri hakuna mwenye ataisikia. Iko mubaya, Papa."

Nilidhani mzee atamkemea. Aliweka kisu chini, akamshika Papa Bahati mabegani kwa mikono miwili, na machozi yakamteremka usoni bila yeye kuyafuta.

"Sema tena," akamwambia.

"Iko mubaya, Papa," Papa Bahati akasema.

"Kwa nguvu, basikie."